Shuka Lenye Dirisha

14 Januari

Mpwa wangu Kijiko,

Mjomba wako anakula, analala, na nywele bado ziko kichwani, ingawa zimeanza kugombea mpaka na paji la uso. Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini maneno yote yalikuwa mahali pake. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikagonga kwa Fundi Saa, huyu jirani yangu anayetengeneza saa mchana na kukohoa usiku upande wa pili wa ukuta, nikamsomea kwa sauti ili ajue anaishi karibu na watu wa namna gani. Mama yako msalimie sana. Mwambie mdogo wake amebadilika mwili, hata mkanda umetobolewa tundu jipya.

Kwa hiyo umeingia chuo cha uuguzi. Sikushangaa hata kidogo. Utabibu umo ndani ya ukoo wetu, na mimi ndiye niliyeufungulia mlango. Unasema mmebebeshwa maneno kama matofali, majina ya viungo, ya magonjwa, ya upasuaji wa kila aina, na kila Ijumaa mwalimu anawauliza, anayekosa anasimama mbele ya wenzake mpaka kipindi kiishe. Unaniomba nikusaidie kwa kuwa niko hospitali kubwa siku zote. Umegonga mlango wenyewe.

Tuanze na bandama. Bandama iko kushoto, imejificha chini ya mbavu kama mtoto aliyevunja sahani, na kazi yake ni kuchuja damu. Niliwahi kuiona ya dereva wa trekta, kubwa kama mto wa kulalia. Bwana Kisu, ndivyo tunavyomwita daktari wetu mkuu wa upasuaji, aliishika kwa mikono miwili akanigeukia, akasema mzee, wewe umeona mengi, hii unaionaje. Nikamwambia daktari, hii imechoka. Akaandika hivyohivyo kwenye faili.

Kidole tumbo ni kile kimkia cha utumbo mpana, hakina kazi inayojulikana. Cha kawaida kinalingana na kidole chako. Nimeona kimoja kilichokuwa kirefu kiasi kwamba walikikunja mara mbili ndipo kikaenea kwenye chupa. Na kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula, ndiko presha ya mwili inakotunzwa. Hilo liandike Ijumaa, mwalimu ataona unatoka wapi.

Chumba changu kina utulivu mzuri wa kusomea. Kuna kitanda, meza na viti viwili. Kimoja nakikalia, cha pili nakitundikia koti. Kwa hiyo niandikie maneno mengine. Usiogope kuandika mengi, nafasi ya kuyasoma ninayo.

Mjomba wako wa Chumba cha Upasuaji

6 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kusikia uko salama. Huku mvua imeng'oa bati moja la jikoni, tumeweka jiwe juu yake na sasa linapiga kelele kidogo tu. Mama anakusalimia. Anauliza kama tundu hilo jipya la mkanda umelitoboa upande wa kunenepa au upande wa kukonda.

Ijumaa niliandika kwamba presha inatunzwa kwenye kongosho. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani akaifuta, kisha akanisimamisha. Kongosho inatengeneza maji ya kusagia chakula, na insulini inayopanga sukari ya damu. Bandama yako ilikuwa sahihi, Mjomba, kwa hiyo nilikaa chini mapema kuliko wengine.

Ametufundisha njia ya kuyashika haya maneno. Anasema tusikariri neno zima, tutazame mkia wake. Likiishia na "itisi", mahali hapo pamewaka na kuvimba, ndiyo maana kidole tumbo kikiwaka wanasema apendisaitisi. Likiishia na "otomi", wanakata kufungua. "Ostomi", wanafungua tundu na kuliacha. "Ektomi", wanakata na kutoa kabisa. Tangu siku hiyo sioni neno, naona mkia.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike haraka. Mama anaumwa. Ni miezi mingi sasa anatokwa na damu kuliko kawaida, na alikuwa ananificha. Nilipokuja nyumbani mwisho wa mwezi nilimshika mkono nikaona kiganja cheupe kama karatasi. Nilimpeleka hospitali ya huku. Ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Walipima, si saratani, lakini unamnyonya damu, na daktari anasema mfuko wote utolewe. Jina lake ni histerektomi. Unauona mkia.

Amekataa. Daktari amemweleza, mimi nimemweleza, anatutazama kama mtu anayesubiri tumalize kuongea. Mwishoni akasema, "Nina ndugu yangu anayesimama na madaktari kila siku. Huyo akisema nilale, nitalala. Nyie wengine mmesoma tu." Anataka umwandikie. Amesisitiza umwandikie ulichokiona kwa macho yako, si hadithi.

Kuna jambo lingine na naliandika mara moja, sitalirudia. Dereva wa lori aliyekuletea kile kifurushi mwaka juzi aliniambia alikokukuta. Alisema ulikuwa nyuma ya hospitali, kwenye nyumba ya kufulia, unakunja mashuka. Mama sikumwambia na sitamwambia. Lakini barua yako ndiyo anayoisubiri, na damu yake haisubiri. Nakuomba, Mjomba.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu Kijiko,

Nimeipata barua yako. Afya yangu nzuri. Bati la jikoni msiliwekee jiwe, litoboeni mpige msumari wenye kofia, mimi niliwahi kuezeka ukumbi mzima kwa namna hiyo na tufani ikapita ikauacha.

Kuhusu dereva wa lori, yule bwana anaweza kupotea kwenye barabara isiyo na kona. Tuendelee.

Habari za mama yako nimezisoma mara mbili. Kwa nini alificha? Usinijibu, namjua. Alipong'oka kucha akiwa msichana alivaa kiatu juu yake akaenda kazini. Mimi ndiye niliyeona soksi.

Mikia ya maneno nimeielewa vizuri kuliko unavyofikiri, na nikueleze kwa nini, maana chuoni hawatakufundisha hili. Vitambaa vya chumba cha upasuaji haviingii ovyo. Vinafungwa kwenye vifurushi, kila upasuaji na kifurushi chake, na juu ya kila kifurushi pana utepe wenye jina. Yako maotomi na maektomi ya kila namna, miaka yote yamepita mbele ya macho yangu, nikawa nayajua kwa sura kama watu unaopishana nao ngazini bila kusalimiana. Baada ya barua yako nilikwenda nikayasoma moja moja. Sasa tunasalimiana.

Kifurushi cha mama yako kiko rafu ya katikati. Ndani yake mna shuka kubwa la kijani lenye dirisha, yaani tundu lililopindwa kingo zake, na mgonjwa mzima anafunikwa isipokuwa pale pa kufanyia kazi. La jicho lina dirisha dogo kama kifungo. La tumbo ni kubwa. La kifurushi hicho dirisha limeteremka chini kidogo. Na halikunjwi kama shuka la nyumbani. Linakunjwa kuja na kurudi, kuja na kurudi, ili sista akishika ncha lifunguke lenyewe bila mkono kugusa ndani. Mkunjo mmoja ukikosewa, kifurushi kinarudishwa na Bwana Kisu anasimama na glavu zake juu anangoja. Kwa hiyo elewa kwamba bila sahihi yangu, kwa namna ya kusema, hakuna kisu kinachoanza.

Barua ya mama yako niliianza Jumapili. Niliichana kwa sababu bandama ya yule dereva wa trekta ilijipenyeza humo. Nimeanza nyingine, na yenyewe imeingiliwa na kile kidole tumbo. Nipe muda kidogo.

Fundi Saa amehama. Amekwenda kuishi kwa binti yake. Chumba chake kimefanyiwa ektomi, hamna hata msumari uliobaki. Nilidhani nitalala vizuri sasa kwa kuwa hakuna anayekohoa.

Mjomba wako wa Chumba cha Upasuaji

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua hii ni fupi, naiandika kwenye benchi la wodi. Mama alianguka akiwa anaanika nguo. Wamemlaza, wamemwongezea damu, midomo imerudi rangi. Daktari anasema damu ya kuongezewa ni ya kusogeza siku tu. Ametupa tarehe, ishirini na mbili Aprili, iwapo mama ataweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Hajaweka.

Nimegundua anachokiogopa. Jirani yetu muuza vitumbua alimwambia mwanamke akitolewa mfuko anabaki na pango, na matumbo yanazunguka ndani kama nguo kwenye beseni. Jana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wakishautoa, pale ulipokuwa panabaki nini?" Nikamjibu kama kitabu kinavyosema. Akasema kitabu hakina tumbo.

Kila nikiingia anatazama mikono yangu kuona kama nimeshika bahasha. Mjomba, hata iwe ukurasa mmoja. Isipofika kabla ya tarehe hiyo, hatakubali, na daktari hataweka nyingine karibu.

Mpwa wako

1 Aprili

Kijiko,

Kuanzia hapa msomee mama yako, usiruke kitu, na usisome kwa sauti ya darasani.

Dada. Ni mimi. Kijana wako wasiwasi umemjaa hadi mwandiko wake umelala ubavu, kwa hiyo nimeacha kila kitu nikuandikie. Kulikuwa na mama mmoja hapa aliyekuwa na uvimbe mkubwa kama tikiti, Bwana Kisu akaniita

Hapana. Hilo liache. Umesema nikueleze nilichokiona.

Dada, mashuka yote ya hospitali hii yanapita mikononi mwangu, yanayokwenda na yanayorudi, kwa sababu za kiusalama ambazo ni ndefu kuzieleza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kunidanganya habari za wagonjwa. Madaktari wanaandika wanachotaka, shuka linasema lilivyolaliwa.

Lile la kijani la kifurushi chako linakwenda safi na linarudi na damu kuzunguka dirisha. Sikufichi. Damu yenyewe si ile unayoiogopa, mara nyingi naweza kuifunika kwa kisosi cha kikombe cha chai. Hilo ni siku ya kwanza. Baada ya hapo naanza kuletewa mashuka ya wodi ya akina mama waliopasuliwa, na hayo ndiyo ninayotaka uyasikie.

La mwanzo linakuja limenyooka, halina kunyanzi, kwa sababu mtu amelala kama ubao, anaogopa kugeuka. Linalofuata lina mikunjo ubavuni, upande mmoja tu, pale aliposhika akajivuta kukaa. Nikiiona mikunjo hiyo najua amekaa. Halafu yanakuja mashuka ya watu walio hai kabisa. Yana mafuta ya nywele. Yana uji. Yana wino, mtu alikuwa anaandikia kitandani. Kuna foronya ilikuja na kitana ndani, na nyingine ilikuja na kipande cha mkate kilichofichwa, nadhani alikatazwa kula. Lakini dada, zaidi ya vyote yana chai. Wodi ile inamwaga chai kuliko hoteli. Wanajiona wamepona, wanashika kikombe wenyewe, mkono bado hauna nguvu, kinakwenda upande. Zamani nilikuwa nawalaani kwa yale madoa. Siku hizi nikifungua furushi nikakuta doa la chai nasema huyo amekaa, amenyanyua kikombe, ana kiu, ana mtu wa kupiga naye soga.

Lipo pia shuka jeupe refu ambalo likitoka halirudi na mtu wake. Nalo naliona, nisingekuwa mkweli nisipolitaja. Kwa watu wa kifurushi chako nimeliona likitoka mara chache sana, mara chache mno. Kwa waliokataa na kuja wakiwa wamebebwa, nimeliona zaidi.

Umeuliza panabaki nini. Nilimuuliza sista wa chumba cha upasuaji, nilimngoja kwenye korido hadi akatoka. Amesema utumbo uliokuwa umebanwa unasogea wenyewe taratibu ukakaa pale, hauzunguki kama beseni, na kibofu cha mkojo kinapata nafasi. Huyo muuza vitumbua mwambieni aangalie kikaango chake. Mimi naongeza la kwangu. Jirani yangu aliyekuwa anakohoa amehama. Siku za mwanzo nilikuwa naamka kusikiliza kikohozi kisichokuwapo, nilidhani ukuta umepungua unene. Halafu nikaanza kusikia mambo yaliyokuwapo siku zote nyuma ya kile kikohozi, bomba linadondosha maji, mtu wa juu anaburuta kiti, mwanamke wa chini anamsomesha mtoto hesabu. Wamesogea karibu. Pale pako patakuwa na ukimya kidogo, dada. Halafu patasogelewa.

Unakumbuka ulipokuwa unafua nguo za watu, jioni tunakunja mashuka yao, wewe ncha hii mimi ncha ile. Ulikuwa unalivuta ghafla nikaanguka kifudifudi, unacheka mpaka unakaa chini. Huku shuka langu la kitandani nalifunga kwenye mgongo wa kile kiti cha pili, nakwenda mwisho wa chumba, nakunja nikirudi. Kiti hakivuti.

Kalale, dada. Weka dole gumba.

Mimi mdogo wako

29 Aprili

Mpwa wangu Kijiko,

Mimi mzima. Najua tarehe ile imepita na najua posta haikimbii, kwa hiyo siandiki kwa kuwa na wasiwasi. Naandika kukueleza kwamba siku hiyo nilikuwa na kazi nyingi sana, Bwana Kisu hakuweza kufanya lolote bila mimi, na hata hivyo nilipata nafasi ya kukaa kidogo kwenye ngazi za nyuma saa zile za asubuhi ambazo nadhani ndizo mlizoingia.

Wenzangu hapa nimewaambia dada yangu anafanyiwa histerektomi. Nimewaeleza mkia wa neno na kila kitu. Mmoja, tunamwita Pasi kwa jinsi kichwa chake kilivyochongoka, akaniambia, "Daktari, leo umeongea dakika nzima bila uongo, unaumwa?" Wote wakacheka. Nami nilicheka.

Niandikie hata kama ni jina lako tu.

Mjomba wako

13 Mei

Kijiko,

Leo nimekwenda kwenye kisanduku cha barua nikakuta ya mtu wa juu. Nimempelekea mwenyewe. Amenishukuru, hajanikaribisha ndani.

Kuna mtu mpya kwenye chumba cha Fundi Saa. Hakohoi. Anavaa viatu laini, sijui anapoingia wala anapotoka.

Nimekuwa nasoma vifurushi ili nisilale mapema. Nefrektomi ni figo. Kolesistektomi ni kifuko cha nyongo, hilo lilinipa taabu, linafaa kutafunwa kabla ya kumezwa. Laparotomi ni kufungua tumbo uone kilichomo. Kama mwalimu wako angenisimamisha Ijumaa ningekaa chini haraka.

Nasubiri.

Mjomba

16 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwanza. Mama yuko hai. Nimeliandika hilo mwanzoni ili usisome mengine ukiwa umebana pumzi.

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuandikia nusu. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya upasuaji. Nilimsomea wodini, na wenye vitanda vya jirani wakasogea kusikiliza. Uliposema wodi ile inamwaga chai kuliko hoteli, mama wa kitanda cha dirishani alificha kikombe chake chini ya shuka. Mama yangu hakucheka. Aliniomba nirudie mahali pa kiti. Nikarudia. Akanyoosha kidole gumba, akasema lete hiyo karatasi yenu.

Waliniruhusu kuingia naye hadi alipopewa nusukaputi, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi. Akiwa amelala pale, sista akafungua kifurushi. Shuka la kijani lilifunguka vibaya, likashika kona. Mama alikuwa ameanza kulegea macho, lakini akageuza kichwa akamwambia sista, "Hili limekunjwa na mvivu. Mdogo wangu asingelipitisha." Kisha akalala.

Kwa hiyo alikuwa anajua, Mjomba. Nilimuuliza baadaye ni nani aliyemwambia. Akasema hakuna. Akasema kila mwaka unamletea gauni, na gauni linafika limekunjwa kwa mikunjo yake yeye, aliyokufundisha ukiwa hufiki mezani, ila sasa kingo zimelingana kama za mtu anayeifanya kazi hiyo kutwa. "Mwache aseme anayoyasema," akaniambia. "Yuko peke yake kule. Nilitaka tu aniandikie kitu kirefu."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku chache baadaye homa ikapanda, kidonda kikatunga usaha. Nilijua jina la kila kitu kilichokuwa kinampata na majina hayo hayakunisaidia kitu. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda natazama shuka lake. Lilikuwa limenyooka, halina kunyanzi. Kila asubuhi limenyooka. Barua yako nyingine ilikuja nikaiweka mfukoni, sikuweza kujibu.

Juzi homa ilishuka. Jana nilichelewa kufika. Nilikuta mikunjo ubavuni, upande mmoja, kama ulivyosema. Na katikati ya shuka, doa la chai kubwa kama mkono wangu. Alikuwa amekaa, ameshika kikombe kitupu, anabishana na mama wa kitanda cha dirishani. Nikaanza kulivuta shuka nimbadilishie. Akanipiga kofi mkononi. "Acha. Mwandikie mjomba wako kwanza."

Ndiyo nakuandikia, Mjomba. Limemwagika.

Mpwa wako Kijiko

7 Juni

Mpwa wangu Kijiko,

Barua yako ilinikuta kazini. Niliisoma, nikatoka nje, nikarudi. Pasi akaniuliza kuna nini, nikamwambia mvuke umeniingia machoni. Akasema mashine hazijawashwa. Nikamwambia basi ni mvuke wa jana.

Kuhusu upasuaji kwenda vizuri, hilo lisiwape taabu, nilikuwa nimeshazungumza na Bwana Kisu na yeye ana njia zake za kuzungumza na wenzake. Homa ya namna hiyo naifahamu. Niliwahi kuona mtu mwenye homa iliyoweza kuivisha yai kwapani, na leo ni mkimbiaji.

Mama yako asinyanyue ndoo. Asiiname kufua. Na lile tundu la mkanda, mwambie alilijua jibu kabla hajauliza.

Sasa sikiliza vizuri, hili hutalipata chuoni. Doa la chai halitaki sabuni ya kipande wala halitaki usugue kwa hasira, ukilifanyia hivyo unalipa makao ya kudumu. Loweka kwenye maji baridi. Kamulia limau, acha kidogo, suuza, anika juani likiwa bado na limau kwa mbali. Ninayajua madoa yote kwa tabia zao. Lakini hilo la mama yako msiliguse. Shuka likienda kufuliwa, nenda mwenyewe hadi nyuma ya hospitali, mlango unaotoa mvuke, muulize anayekunja. Mwambie mtu mwenzao ameomba walifue la mwisho.

Likizo nimeomba. Hawajanijibu, na miaka iliyopita hawakujibu vilevile, kwa hiyo usimwambie.

Kidonda kikishapona kabisa, mtoe nje jioni moja na shuka kubwa. Yeye ashike ncha moja, wewe nyingine. Mwache alivute ghafla, na wewe uanguke. Usijizuie. Mimi huku bado nina kiti.

Mjomba wako